Unatafuta kwa jina gani? Soma hapa kabla hujaandika "vyanzo ni haba"

Mleta mada, simama hapo hapo. Unasema unaandika tasnifu ya historia ya sayansikimu Marekani, umeingia HEARTH, ile hazina ya mtandaoni ya maktaba ya Mann, Chuo Kikuu cha Cornell, ukatafuta "human ecology" kwa sababu ndilo jina la kitivo chao cha sayansikimu, ukapata vitu kiduchu. Sasa unataka kuandika kwamba vyanzo ni haba. Futa hiyo sentensi kwanza, mengine baadaye.

Kitivo kile kimepewa jina hilo 1969. Hazina unayochimba ni ya vitabu na majarida ya 1850 hadi 1950. Ni sawa na kufunua gazeti la 1950 kutafuta "Tanzania", halafu useme nchi haikuwepo!

Najua kwa sababu sentensi hiyo niliiandika mimi. Kuna msomi mmoja, simtaji, alinihakikishia: "Weka jina rasmi la somo, kompyuta italeta yote." Kompyuta si mama ntilie bwana, haikuongezei usichoagiza. Nikajenga sura nzima, kurasa 41, kwamba mwanzoni mwa karne ya ishirini wake wa wakulima hawakuandikiwa chochote. Siku ya kutetea, mtahini wa nje akatoa kwenye mkoba nakala moja, imekunjika pembe: "Saving Steps", kijarida cha Martha Van Rensselaer, mwanzilishi wa sayansikimu pale Cornell, cha 1901, cha kumpunguzia mke wa mkulima mizunguko ya jikoni. Kimetoka Cornell hiyo hiyo! Akauliza kwa upole, "Na hiki je?" Nikanyanyua glasi ninywe maji. Ilikuwa tupu, nikanywa hivyo hivyo.

Miezi saba ya kuandika upya, na ada ya muhula juu. Yule msomi? Simu yake ilikuwa "haipatikani kwa sasa" mpaka nilipomaliza. Leo nacheka, lakini ile ada hainichekeshi.

Kwa hiyo: tafuta kwa jina lililotumika mwaka huo. Catharine Beecher, mwandishi wa vitabu vya utunzaji wa nyumba, mwaka 1841 aliandika "domestic economy", basi kwa miaka ile andika hivyo. Baadaye jaribu "domestic science" na "household arts". "Home economics" ndilo jina walilokubaliana waasisi wa somo kwenye mkutano wa Lake Placid, New York, 1899, mkemia Ellen Richards akiwa mwenyekiti. Na mwenyeji wao alikuwa Melvil Dewey, yuleyule wa namba za maktaba, kwa hiyo ukiwa kwenye rafu halisi pita 640, namba yake ya sayansikimu, yote kwa macho, usiiamini kompyuta peke yake. Halafu tafuta kwa walioandikiwa: "farmers' wives", yaani wake wa wakulima. Hapo ndipo nilipopigwa mimi.

Uliuliza pia habari za kunukuu kurasa na gharama za kuskani, sijui na nini tena, wengine watakujibu. Wewe andika "farmers' wives" sasa hivi, urudi hapa utuambie umekuta nini.