Kabla hujasema upasuaji upi wa umio ni bora

Ninyi mnaoanza mafunzo ya ubingwa wa upasuaji, siku moja mtapangiwa kuwasilisha makala kwenye kikao cha asubuhi cha idara. Kila mwaka kuna anayechagua makala inayolinganisha njia za kuondoa saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni. Mada ni nzuri, ila swali la "ipi inarefusha maisha" lina mitego, na ni heri muijue kabla mabingwa hawajaanza kuuliza.

Njia zenyewe mnazijua. Moja hupita tumboni na shingoni, umio ukatolewa kupitia uwazi wa kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, bila kufungua kifua. Orringer wa Michigan aliifufua mwaka 1978. Nyingine hufungua kifua, kama Ivor Lewis alivyoeleza mwaka 1946, na tezi za limfu za kifuani huondolewa huku daktari akiziona.

Anzeni na jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2002, lenye wagonjwa 220 waliogawanywa kwa nasibu. Matatizo ya mapafu yaliwapata asilimia 57 ya waliofunguliwa kifua na asilimia 27 ya wenzao. Makadirio ya walio hai baada ya miaka 5 yalikuwa asilimia 39 kwa 29. Mwenye haraka huishia hapo na kutangaza kuwa kifua kimeshinda. Lakini soma mstari unaofuata: tofauti halisi ingeweza kuwa popote kuanzia hasara ya pointi 3 hadi faida ya pointi 23. Mwaka 2007, wagonjwa wale wale walipokwisha kufuatiliwa kwa muda wa kutosha, ikawa asilimia 36 kwa 34. Hakuna aliyedanganya. Mwaka 2002 baadhi yao walikuwa hawajatimiza miaka 5, na mkia wa mchoro wa waliobaki hai ulisimama juu ya watu wachache. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu waanze na mkia: chini pale pamebaki watu wangapi?

Katika ripoti ile ya 2007 kuna jambo linalovutia zaidi. Kwa wagonjwa waliokutwa na tezi 1 hadi 8 zenye saratani, walioishi miaka 5 bila ugonjwa kurudi eneo lile lile lililopasuliwa walikuwa asilimia 64 kwa waliofunguliwa kifua, na 23 kwa wengine. Pengo kubwa, nakubali. Ila tezi hizo huhesabiwa maabara, mgonjwa akiwa tayari wodini na mshono wake. Utamchagulia vipi njia kwa kigezo ambacho hukijui asubuhi ya upasuaji? Mimi naliona kundi hilo kama sababu nzuri ya utafiti mwingine, basi.

Mtego mwingine ni wa hatua za ugonjwa. Katika jaribio lile, kifua kilitoa wastani wa tezi 31, njia nyingine 16. Anayetafuta tezi nyingi hugundua ugonjwa mwingi, kwa hiyo mgonjwa ambaye kwingine angeitwa wa hatua ya pili, hapa anaitwa wa tatu. Mhamishe mwanafunzi wa mwisho wa mkondo A aende mkondo B ulio dhaifu kuliko yeye: wastani wa mikondo yote miwili utapanda, na hakuna aliyejifunza lolote. Tafiti zinazolinganisha hatua kwa hatua huonyesha faida ya namna hiyo, hasa zile zilizochimbwa kwenye mafaili ya zamani bila kugawa wagonjwa kwa nasibu.

Sasa turudi nyumbani. Wagonjwa wa Uholanzi walikuwa na adenokasinoma, saratani ya seli za tezi, ya chini ya umio au mlango wa tumbo. Wetu, kuanzia Bomet na Eldoret hadi Moshi, wengi mno wana skwamasi, saratani ya seli bapa za utando wa umio, na hufika wakati hata uji unapita kwa shida. Kwao swali la kisu ni la pili. Jaribio la CROSS, la Uholanzi pia, lilitoa dawa na mionzi kabla ya upasuaji. Kwa wenye skwamasi, muda wa kati wa kuishi ulifika miezi 81.6, dhidi ya 21.1 kwa waliopasuliwa tu. Skwamasi walikuwa wachache mle ndani, lakini sijaona tofauti ya aina hiyo ikitokana na kuchagua mahali pa kupasua. Ukiwa na nafasi ya mashine ya mionzi, pigania nafasi hiyo kabla ya kubishana kuhusu kifua.

Halafu kuna wasioingia kwenye jedwali lolote: aliyewekewa stenti, kijibomba cha kupanua umio, ili ameze akarudi kijijini, aliyefunguliwa akakutwa saratani imeshika njia kuu ya hewa, aliyefariki akisubiri. Utafiti unaoanza kuhesabu siku ya upasuaji hauwaoni. Mkipewa rejista ya idara, waandikeni wote, pamoja na tarehe chakula kilipoanza kukwama, kimo na uzito siku ya kwanza, na namba mbili za simu, ya pili iwe ya ndugu anayekaa naye.