Wanafunzi wanakariri awamu za mwezi, nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza jinsi ya kufundisha awamu za mwezi zieleweke, na shule haina darubini. Darubini weka kando kwanza. Wape kazi ya mwezi mzima: kila jioni, saa ileile, wachore mwezi ulivyo na upande ulipo angani. Watagundua kila siku umesogea mashariki, kama upana wa ngumi moja na kidogo, mkono ukiwa umenyooshwa. Ukishapevuka, wautafute asubuhi upande wa magharibi (hapo wengi hushangaa kumbe huonekana hata mchana).

Maswali yakianza kutoka kwao, waingize kwenye chumba chenye giza. Taa moja iwe jua, kila mmoja ashike mpira juu kidogo ya usawa wa kichwa, ajizungushe taratibu. Wengi huamini kivuli cha Dunia ndicho kinachoumega mwezi. Mpira utawaonyesha papo hapo: nusu yake inamulikwa muda wote, kinachobadilika ni sehemu wanayoiona.

Na mtihani ubadilishe pia. Ukiuliza tu "taja awamu nane", watarudi kukariri.