Mwongozo Wangu Uliondolewa kwa Maneno Mawili

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimeandika mwongozo wa gemu kwenye wiki, usiku mzima sijalala, asubuhi nakuta wameurudisha ukurasa ulivyokuwa. Wewe ulifanyaje mpaka kurasa zako zikaachwa?"

Wiki hapa si ya siku saba, ni tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika na kuihariri. Na swali lake limenitonesha kidonda. Yeye anadhani mimi ni fundi wa siku zote, kumbe na mimi nimefukuzwa hapo hapo mlangoni.

Nilikuwa nimemaliza kwa mara ya nne mchezo mmoja wa mapanga na mazimwi, nikajiona sasa nina cha kufundisha. Nikafungua ukurasa wa bosi wa mwisho, yaani adui mkubwa wa kumalizia, kwenye wiki ya mchezo huo, nikakuta mistari sita tu, mikavu kama ganda. Nikasema hapana, hili zimwi linastahili heshima. Nikaandika maneno karibu elfu nne. Nilianza na siku nilipokutana nalo mara ya kwanza, jinsi mikono ilivyotetemeka, jinsi muziki ulivyobadilika. Mashambulizi ya moto nikayaandika kwa herufi nyekundu, ya barafu kwa buluu, na ukurasa wenyewe una rangi ya giza. Picha za skrini kumi na nne, zote kwa ukubwa kamili. Na jedwali la safu wima tisa, ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia fahari na aibu kwa pamoja.

Baada ya dakika ishirini halikuwepo. Kwenye historia ya ukurasa, msimamizi alikuwa ameacha maneno mawili: "Hausomeki. Narudisha."

Majuma matatu ya kazi, maneno mawili! Nikaenda ukurasa wa majadiliano nikamwandikia waraka. Akanijibu kwa kiungo kimoja cha ukurasa wa kanuni za uandishi za wiki hiyo, bila salamu. Sikukibofya. Nilisusa miezi kadhaa.

Aliyenifundisha si yeye, ni zimwi lenyewe. Nilinunua mashine mpya, nikauanza mchezo upya, nikafika kwa bosi yule yule na mkono umeshasahau. Kuna pigo lake moja la bawa ambalo ukikwepa upande usio sahihi umekwisha. Nilijua jibu nimewahi kuliandika, maana wiki haitupi kitu, kila toleo la ukurasa hukaa kwenye historia. Nikachukua simu kwa mkono mmoja, pedi ya kuchezea kwa mwingine, nikafungua toleo langu lililokataliwa. Nikateremka kwa kidole. Mikono inatetemeka, muziki unabadilika. Nikateremka tena. Picha inajaza skrini nzima. Jedwali limekatika kwenye safu ya tatu, safu niliyoitaka ni ya nane. Mchezo ule haukubali kusimamishwa ukiwa mtandaoni, basi nikafa huku nasoma hadithi yangu mwenyewe. Jibu lilikuwa aya ya kumi na moja, ndani ya mabano.

Usiku huo ndipo nilipokibofya kile kiungo.

Kwa hiyo ndugu yangu, jambo la kwanza: soma ukurasa wa kanuni wa wiki unayoandikia. Karibu kila wiki kubwa ya gemu inao, na hazifanani. Nyingine zinataka kichwa kidogo kianze kwa herufi kubwa kwenye neno la kwanza tu, nyingine kila neno. Usibishane na hilo. Soma, fuata.

La pili, msomaji wa mwongozo hasomi, anatafuta. Anakuja katikati ya ukurasa, kaletwa na injini ya utafutaji, na pengine anauawa wakati huo huo. Sentensi ya kwanza imwambie huyu bosi ni nani, yuko sehemu gani ya mchezo, na udhaifu wake ni nini. Jina la bosi likolezwe, yaani liwe kwa herufi nzito, mara moja tu, hapo mwanzo. Halafu vichwa vidogo, na viwe vichwa vya kweli. Wiki nyingi za gemu zinaendeshwa kwa MediaWiki, programu ile ile iliyo chini ya Wikipedia. Humo kichwa cha sehemu huzungushiwa alama mbili za sawasawa (==) kila upande, na sehemu ndogo iliyo ndani yake alama tatu. Alama moja huachwa, kwa sababu ngazi hiyo ni ya jina la ukurasa. Usiruke kutoka mbili hadi nne eti kwa kuwa umependa herufi ndogo. Mimi nilikuwa nakoleza mstari mmoja na kuuita kichwa. Programu haiuoni, na vifaa vinavyowasomea wasioona kwa sauti haviutambui. Ukiweka vichwa vinne vya kweli, orodha ya yaliyomo kwa kawaida hujitengeneza yenyewe. Hufanyi lolote. Mimi niliinyima nafasi hiyo kwa maneno elfu nne.

Na usiniambie vifaa ni vichache. Tovuti ya GameFAQs ilianza 1995, na kwa miaka mingi miongozo yake ilikuwa maandishi matupu: hakuna picha wala herufi nzito, mstari unakatwa karibu na herufi 80. Waandishi wale walikuwa wanaweka kifupi cha herufi na namba kando ya kila sehemu, mfano B4, na kukiorodhesha juu kabisa. Unatafuta kifupi hicho ndani ya ukurasa, unatua pale pale. Watu wasio na chochote walimfikiria msomaji kuliko mimi niliyekuwa na kila kitu.

Sasa vitufe, na hapa niacheni nijisifu kidogo. Ukiandika "bonyeza A" umemwambia nani? Kwenye pedi ya Nintendo A iko kulia. Kwenye Xbox iko chini. PlayStation haina A kabisa, na huko Japani duara ndilo lilikuwa la kukubali na X la kukataa, mpaka PS5 ilipotoka 2020 wakafanya X ndiyo ya kukubali kama kwingine. Kwa hiyo taja tendo: kwepa, kinga, ruka. Kisha kigezo, yaani kipande kinachoandikwa mara moja na kuitwa kwenye kurasa nyingi, kioneshe kitufe cha kila mashine. Kwenye wiki yetu kigezo hicho nilikitengeneza mimi. Kinatumika mpaka kwenye kurasa ambazo sijawahi kuzigusa, na ndiyo, huwa napita kuzitazama.

Rangi: zisibebe maana peke yake. Kama moto ni nyekundu, andika pia neno "moto". Kuna wasomaji wengi, wanaume hasa, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Na miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti inataka mng'ao wa herufi za kawaida na wa mandhari yake upishane kwa angalau 4.5 kwa 1. Buluu yangu ya barafu juu ya giza haikukaribia hata kidogo. Majedwali: yajaribu kwenye simu kabla ya kuhifadhi. Picha: zifanywe ndogo, anayetaka atabofya. Taarifa za nguvu za silaha: taja namba ya toleo la mchezo, maana "hivi karibuni wameipunguza" haina maana tena baada ya mwaka.

Na hadithi yako iache nje, hata kama ni nzuri. Neno "mimi" halina kazi kwenye wiki. Najua inauma, ndiyo maana nina blogu.

Nimeshasema soma kanuni? Soma kanuni. Vijana mnataka kusifiwa kwa kuandika kingi, na mimi nilikuwa hivyo, nahesabu maneno kama mtu anayelipwa kwa neno. Ukurasa ule leo una maneno mia sita hivi, na hila ya bawa iko chini ya kichwa chake yenyewe, sentensi mbili. Niliuandika upya mwanzo hadi mwisho na haujarudishwa.

Yule msimamizi aliwahi kuupitia mara moja. Alihamisha alama moja ya mkato, na kwenye muhtasari wa uhariri akaandika neno moja: "mkato". Hakushukuru, hakusema umejitahidi. Kama anakumbuka ni mimi, hakuonesha. Nilikwenda kuitazama sentensi ile kwa hasira, nikaisoma mara tatu, na alikuwa sahihi.