Swali la lugha: "Alitawazwa kuwa mtemi wa Alba"?

Msomaji wetu amekutana na sentensi hii: "Cayetana alitawazwa kuwa mtemi wa Alba mwaka 1953." Cayetana alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa wa Hispania, na Alba ndilo jina la cheo cha ukoo wake. Msomaji anauliza kama hayo maneno mawili, kutawazwa na mtemi, yamekaa sawa.

Kwangu mimi hayajakaa, yote mawili. Mtemi ana nchi na ana watu, Mirambo alikuwa mtemi, ukilitaja hilo neno msikilizaji anajua kuna wanaomtii. Cheo cha Alba kilianza 1472, mfalme Enrique wa Nne wa Castilla, ufalme wa Hispania ya zamani, alipompa García Álvarez de Toledo cheo cha Duke, yaani cheo cha juu cha ukabaila chini ya mfalme, na enzi hizo kweli ukoo ulikuwa na ardhi yake na kodi zake na mahakama zake, kwa hiyo huyo wa kwanza ukimwita mtemi sitagombana na wewe sana. Ila umwinyi wa namna hiyo Hispania iliufuta karne ya 19, kuanzia bunge la Cádiz 1811 mpaka 1837, ukoo ukabakiwa na cheo, mashamba na majumba. Cayetana alikuwa na Kasri la Liria pale Madrid na michoro ya mchoraji Goya ukutani, raia wa kumtawala hana hata mmoja bana.

Najua kuna atakayesema mbona Duke wa tatu alitawala Uholanzi 1567 hadi 1573 tena kwa kumwaga damu. Sawa, lakini pale alitumwa na mfalme Felipe wa Pili kama gavana, sio uduke uliompa ile kazi.

Kutawazwa ndo kabisaa, hakuna kiti wala kilemba. Mwenye cheo akifa mrithi anapeleka maombi wizara ya sheria, analipa kodi, anapata hati. Halafu 1953, baba yake Jacobo alipofariki, hata mfalme Hispania haikuwa naye, ni enzi za dikteta Franco, yeye ndiye aliyevirudisha vyeo kisheria 1948 baada ya jamhuri kuvifuta 1931. Andika tu "alirithi".

Na namba, maana Cayetana alikuwa wa 18 kukishika cheo hicho, iwekwe pake: "Duke wa 18 wa Alba", sio "Duke wa Alba wa 18", utadhani Alba ziko nyingi. Kwa mwanamke bado nasema Duke, maana Kiswahili hakibagui jinsia kwenye vyeo, na hapo msomaji anaelewa kuwa cheo ni chake mwenyewe. Aliyeolewa na Duke mwite mke wa Duke, inatosha.