Kutua Leadville: fuata kipima kasi, si macho

Leadville, Colorado, ndio uwanja wa ndege ulio juu kuliko vyote Amerika Kaskazini: futi 9,934. Njia yake ya kurukia ina futi 6,400, tena Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, inatosheka na pungufu ya hapo. Anayeharibu ndege pale mara nyingi anatua kwa mazoea ya bondeni.

Anza na joto. Kwa kimo kile, hewa ya kawaida huwa na nyuzi hasi 5. Siku ya nyuzi 25 umezidi kwa 30, na kila nyuzi iliyozidi unaihesabia futi 120 juu ya kimo cha uwanja, maana hewa ya joto ni nyepesi. Kwa ndege yako, hapo ni kama kuruka karibu futi 13,500. Kipima kasi kikisoma kilomita 120 kwa saa, kasi halisi inakaribia 148. Ardhi inakimbia chini yako, macho yanakuambia punguza. Usipunguze! Bawa linaitambua ile 120 tu; ukishuka chini ya mwendo wa kikomo ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege, mabawa huacha kubeba na unadondoka. Wala usiongeze "kwa usalama", maana mzigo wa breki tayari umezidi kwa nusu, na mwendo wa ziada unakuelesha juu ya lami huku njia ikiisha.

Kuna kishikio cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Orodha nyingi za ukaguzi husema kisukumwe chote kabla ya kutua. Leadville hilo ni kosa: hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi, injini inakohoa wakati ule ule unapotaka kupaa tena. Ungali juu, ukiuzunguka uwanja kabla ya kutua, fungua gesi yote, vuta kishikio taratibu kupunguza mafuta mpaka mizunguko ya injini ifike kilele, kirudishe kidogo, kisha kiache hapo. Aliyezoea uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio juu pia, ana nafuu. Aliyejifunzia pwani, Dar es Salaam au Mombasa, kazi anayo.

Hata ukipatia, injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa, itatoa kama asilimia 60 ya nguvu zake za pwani. Basi magurudumu yasipogusa ndani ya theluthi ya kwanza, ghairi: gesi yote, flapu (vibao vya nyuma ya bawa) hadi nyuzi 20 mara moja, zilizobaki kidogo kidogo. Flapu zote zikiwa chini, 172 haitapanda pale.

Tazama soksi ya upepo. Upepo wa nyuma wa kilomita 12 tu huongeza umbali wa kutua kwa moja ya tano au zaidi. Kiangazi mawingu ya radi hujijenga mapema milimani, kwa hiyo panga kutua kabla ya saa nne asubuhi.