Maswali yenu: dawa ya kikohozi yenye kodeini, nani anywe na nani asiiguse

Msimu wa mafua ukishaanza meseji zinaingia mfululizo, na safari hii nyingi zinauliza kuhusu zile dawa za maji za kikohozi zenye kodeini, zile ambazo kwa utaratibu mtu anatakiwa azipate kwa cheti cha daktari. Kabla sijajibu niseme hivi, kodeini ni ukoo mmoja na mofini na heroini, zote ni jamii ya afyuni, na inatuliza kikohozi kwa kwenda kufanya kazi kwenye ubongo, jirani kabisa na pale panapoendesha kupumua kwetu. Ukizidisha au akipewa asiyestahili, kinacholala sio kikohozi tu, na pumzi nayo inalala. Kwa hiyo kuna majibu hapa chini nimekuwa mkali, mnisamehe, ila siwezi kuyalainisha.

Shikamoo dokta. Mume wangu aliandikiwa dawa ya kikohozi ina kodeini, akapona, imebaki zaidi ya nusu chupa. Sasa mwanangu wa miaka 7 anakohoa usiku kucha hatulali, dada wa duka la dawa hapa mtaani kaniambia nimpe nusu ya kipimo cha mtu mzima. Nimpe? (Mama, Tanga)

Marahaba mama, na pole kwa kukesha. Usimpe, hata tone moja, na hiyo chupa itoe kabisa mahali ambapo mtu anaweza kuishika gizani akidhani ni ile nyingine.

Hili sio la kwangu mimi peke yangu. Ulaya walikataza kodeini ya kikohozi na mafua kwa watoto chini ya miaka 12 mwaka 2015, Marekani kupitia FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wakaweka katazo la umri huohuo 2017, halafu mwaka 2018 wakasogea mbele zaidi wakasema dawa za kikohozi na mafua zenye kodeini au haidrokodoni (ndugu yake wa jamii hiyohiyo) ziwe za watu wazima tu, kuanzia miaka 18. Sababu yao ni kwamba hatari ni kubwa kuliko faida, maana kikohozi cha mafua kwa mtoto mara nyingi kinaisha chenyewe.

Sasa kwanini nusu dozi nayo isifae, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kodeini yenyewe haina nguvu sana, ikifika kwenye ini kuna kimeng'enya kinaitwa CYP2D6 kinageuza sehemu yake kuwa mofini. Wapo watu wamezaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa kinafanya kazi kwa kasi mno, akinywa dozi ya kawaida kabisa mwilini mwake inakuwa mofini nyingi ndani ya muda mfupi. Ethiopia walivyopimwa ilionekana karibu watu 3 kati ya 10 wana vinasaba vya aina hiyo, na Waarabu na watu wa Afrika Kaskazini nao kiwango chao kiko juu, na sisi watu wa pwani tuna damu za huku na kule, huwezi kumwangalia mtoto usoni ukajua yeye yuko kundi gani. Kuna watoto walifariki huko Marekani na Canada baada ya kupewa kodeini ya maumivu walipotolewa tonsesi, tena wengine kwa dozi iliyoandikwa sawasawa na daktari, na ndio FDA wakaweka onyo lao kali mwaka 2013. Kwa hiyo huyo dada wa dukani hata kama anapiga hesabu vizuri, hesabu yake haijui ini la mwanao.

Usiku wa leo mpe asali, kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, kwa miaka 7 haina shida (mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali kabisa), mpe vya kunywa vya uvuguvugu mara kwa mara, kama pua imeziba mdondoshee maji ya chumvi ya puani yanapatikana famasi. Kikohozi cha mafua kinaweza kukaa hata wiki 3 kikiendelea kupungua taratibu, hiyo isikutishe. Kinachotakiwa kukutisha ni hiki, akipumua haraka haraka, mbavu zikiwa zinaingia ndani akivuta pumzi, akitoa mlio kifuani, akishindwa kunywa, au homa haishuki, hapo usisubiri asubuhi. Na kama kila siku ni usiku tu ndio anakohoa, mwambie daktari amwangalie pumu, maana mwenye pumu iliyobana kodeini ndio haimfai kabisa. Kikohozi kikifika wiki 2 bila dalili ya kupungua mpeleke apimwe na TB, usizunguke na dawa za maji.

Na kama ulishampa kabla hujaniandikia, usiogope kusema. Mtazame usingizi wake, ukimwita haamki vizuri, anavuta pumzi moja halafu anakaa kwanza ndio avute nyingine, kifua kinakoroma sivyo, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, midomo au fizi zinabadilika rangi, hapo ni hospitali saa hiyohiyo na chupa mkononi. Usimpe maziwa, usimtapishe, mlaze ubavu mkiwa njiani. Hospitali kuna dawa inaitwa naloksoni inarudisha pumzi, lakini inataka mtoto awe amefika.

Dokta mama yangu ana miaka 72, daktari kamwandikia dawa ya kikohozi ya kodeini, lakini ana diazepamu yake ya usingizi anatumia miaka, na jioni anakunywa Piriton kwa ajili ya mafua. Tunampimia dawa na kijiko cha nyumbani. Mbona tangu jana analala mchana kutwa? (Binti yake, Mbagala)

Binti, piga simu kwa daktari aliyemwandikia leo hii, usingoje kliniki ya wiki ijayo, na dozi inayofuata ya kikohozi iache mpaka uongee naye. Diazepamu usiikatishe ghafla kwa maamuzi yenu, mtu aliyeizoea miaka akiachishwa kwa mara moja anaweza hata kupata degedege, hilo daktari ndio apange. Na ukimwamsha akawa hajibu vizuri au pumzi zinachelewa, achana na simu, mpeleke.

Hapo kwa mama naona mambo matatu yamekutana. Kodeini inashusha pumzi, diazepamu nayo inashusha, zikiwa pamoja zinasaidiana kushusha, na mwaka 2016 FDA waliweka onyo lao zito kabisa kuhusu mchanganyiko huo. Piriton inaongeza usingizi juu ya usingizi, na soma vizuri chupa ya kikohozi kwa sababu dawa nyingi za kodeini tayari zimechanganywa na klorofeniramini, ambayo ndio hiyohiyo Piriton, kwa maana hiyo anakunywa mara mbili bila mtu kujua. Daktari alipoandika inawezekana kabisa hakuambiwa hivyo vidonge vingine vyote, wazee wetu ukiwauliza wanatumia dawa gani wanataja ya presha tu, ya usingizi wanaona aibu. Mkienda bebeni mfuko mzima wa dawa zake mumwage mezani, na kama kuna antibayotiki kama eritromaisini au klarithromaisini iseme pia, zinaingiliana na kodeini mwilini.

Halafu hicho kijiko. Kijiko cha chai kinachopimwa sawasawa ni mililita 5, kijiko cha chakula ni mililita 15, na vya nyumbani kwetu kila kimoja kina ukubwa wake. Zipo dawa za kikohozi zenye miligramu 15 za kodeini katika kila mililita 5, sasa mtu akichukua kijiko cha chakula badala ya cha chai ameshampa miligramu 45 akidhani ni 15, akirudia mara tatu kwa siku piga mwenyewe hesabu. Tumieni kikombe kidogo kilichokuja na chupa, kama kimepotea famasi waombeni bomba la sindano lisilo na sindano, lina alama za mililita, ni bei ndogo sana. Mtu mmoja ndani ya nyumba awe ndio anampa, anaandika saa kwenye karatasi, maana asubuhi anapewa na mjukuu, nusu saa baadae shangazi anaingia anauliza "mama umekunywa dawa?" mama kasahau anasema bado.

Na choo. Kodeini inafunga choo, kwa mzee ni mateso kweli, maji na matunda yawepo, na akiinuka kitandani ashikwe mkono kwa sababu inaleta kizunguzungu na kuanguka kwa umri wake ni kuvunjika nyonga.

Niko boda, nakohoa kavu mpaka abiria wanashuka. Nimepewa hiyo ya kodeini kwa cheti, naweza kuendesha? (Kijana, Mwanza)

Hapana kaka, sio siku unazotumia. Mtu anajiona yuko macho kabisa kumbe mkono unachelewa kwenye breki, na una abiria nyuma. Muulize aliyekuandikia kama kuna dawa nyingine isiyoleta usingizi, mwambie wazi kazi yako ni barabarani. Pombe usiguse kabisa ukiwa kwenye dawa hii, hata bia moja ya jioni. Na swali lenyewe la kwanza ni hicho kikohozi kina muda gani, umesema kavu hukusema siku ngapi, vumbi na moshi wa barabarani vinakohoza lakini na TB inakohoza.

Nanyonyesha mtoto wa miezi 2, nimeandikiwa dawa ina kodeini. Nikinywa mara moja tu usiku itamdhuru? (Mama, Zanzibar)

Rudi kwa aliyekuandikia umwambie unanyonyesha, akubadilishie. Mofini inayotokana na kodeini inapita kwenye maziwa, na kama wewe ni mmoja wa wale wa kugeuza kwa kasi mtoto anapokea nyingi, ndio maana tangu 2017 FDA wanasema mama anayenyonyesha asitumie. Kama ulishakunywa, angalia kama mtoto analala kupita kawaida yake, anashindwa kunyonya, analegea au anapumua kwa shida, ukiona chochote katika hivyo mpeleke haraka. Mjamzito naye asinywe mpaka daktari wake ajue.

Niko Leicester. Zamani dawa ya kikohozi ya kodeini nilikuwa nanunua famasi tu, siku hizi wanataka cheti. Dada yangu anakuja kutoka Nairobi kupitia Dubai, si aniletee chupa mbili? (Msomaji, Uingereza)

Mwambie asibebe, utamponza. Uingereza waliibadilisha dawa hiyo kuwa ya cheti mwaka 2024 kwa sababu watu walikuwa wanaitumia kama kilevi na wengine walishanasa. Na Falme za Kiarabu, iliko Dubai, kodeini iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, mgonjwa anayesafiri nayo anatakiwa awe ameomba kibali kabla kwa mamlaka za huko, akiwa na cheti chenye jina lake. Dada yako atakuwa na chupa mbili za dawa ya mtu mwingine, hana cheti, anaanza kueleza habari za kikohozi cha ndugu yake aliyeko Leicester, nani atamsikiliza. Nenda kwa daktari wako wa huko, ueleze kwanini unaihitaji mara kwa mara, maana ushahidi kwamba kodeini inashinda dawa nyingine kwenye kikohozi cha mafua ni mdogo sana, na mtu anayeitaka kila mwezi inabidi kifua chake kiangaliwe.

Mdogo wangu wa miaka 19 tumekuta chupa tupu za dawa ya kikohozi chini ya kitanda, anachanganya na soda. Akikosa anatoka jasho, kamasi, tumbo linamuuma, hasira. Baba anataka kumfungia ndani wiki nzima aache. (Kaka mtu, Dar es Salaam)

Kaka asante kwa kuandika, na mwambie baba kwa heshima asimfungie. Hizo dalili unazosema ni arosto, mwili umeshazoea, na kumfungia bila msaada atateseka halafu siku akitoka atakunywa kiasi kilekile cha zamani wakati mwili umeshapoteza mazoea, hapo ndipo vijana wanafia usingizini. Hajaharibika tabia peke yake, ameumwa, na hayuko peke yake, Nigeria hali ilifika mahali mwaka 2018 serikali ikapiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa za maji za kikohozi zenye kodeini.

Mpeleke kitengo cha afya ya akili hospitali ya mkoa au Muhimbili, ambako kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kutoka kwenye uraibu wa jamii ya afyuni) ilianza tangu 2011 na wana uzoefu wa kutosha na uraibu wa jamii hii ya dawa, sio lazima awekwe kwenye methadoni, watampima wao waamue. Mkienda aseme ukweli ni chupa ngapi kwa siku, za jina gani, na kama anachanganya na vidonge au pombe. Bebeni hizo chupa tupu, msizitupe, kwa sababu nyingine zina parasetamoli ndani na wingi huo unaua ini kimyakimya, inabidi apimwe damu. Mpaka mtakapofika asilale chumba peke yake, na mkisikia anakoroma kwa namna msiyoizoea mwamsheni, asipoamka mlazeni ubavu mkimbie naye hospitali. Nani atakaa naye usiku wa leo, wewe au baba, hilo mlipange kabla giza halijaingia.