Maswali ya Wasomaji: Tasnifu Inaanzia Wapi?

Ndugu wahariri, nasoma shahada ya uzamili. Mada yangu ni "Athari za Mikopo ya VICOBA kwa Wanawake Tanzania", yaani mikopo ya vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopeshana. Msimamizi ameirudisha mara mbili akisema ni pana. Nipunguze wapi? — Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, afadhali imerudi sasa, kabla hujatoa nakala hata moja ya hojaji. Mada yako imebeba maneno matatu mazito: Tanzania, wanawake na athari.

Mawili ya kwanza yanapunguzika kirahisi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na zaidi ya nusu yao ni wanawake. Chagua kundi unaloweza kulifikia kwa nauli yako mwenyewe: kwa mfano, wanawake wauza mbogamboga katika Soko la Chifu Kingalu hapo Morogoro waliochukua mkopo wa VICOBA ndani ya miezi 12 iliyopita. Hapo umeshataja nani, wapi na lini.

Neno gumu ni "athari". Ukiliandika, umeahidi kuonyesha kwamba mkopo, wala si kitu kingine, ndio ulioleta mabadiliko. Ahadi hiyo inadai upate hali ya mkopaji kabla na baada ya mkopo, au kundi la wasiokopa wanaofanana naye kwa mtaji na aina ya biashara. Wanafunzi wengi huahidi athari, kisha hojaji yao inauliza, "Je, mkopo umekusaidia?" Jibu la swali hilo ni maoni ya mkopaji, na mtahini wa nje atakuuliza athari iko wapi. Tena huenda waliokopa ndio hao hao ambao biashara zao zilikuwa na nafuu tangu mwanzo. Kama huna taarifa za kabla, acha neno hilo. Andika "Matumizi ya Mikopo ya VICOBA miongoni mwa Wanawake Wauza Mbogamboga", na malengo mahsusi yawe matatu: fedha ya mkopo inaingia kwenye nini, nini kinachelewesha marejesho, na anayekopa mara ya pili anaitumia tofauti vipi na mara ya kwanza.

Kabla ya kuandika usuli wa tatizo, chora jedwali la safu nne: lengo, swali la utafiti, data itatoka kwa nani, itachambuliwa vipi. Jaza kila kisanduku. Kitakachobaki kitupu ndicho kitakachokukwamisha huko mbele, kwa hiyo kishughulikie sasa. Nenda kwa msimamizi na ukurasa huo mmoja badala ya kurasa 40. Ataweza kuusoma mbele yako na kukujibu papo hapo.

Mapitio ya maandiko nayaanzaje? Nimepakua makala 90 na sijui nizifanyie nini. — Msomaji, Dodoma

Usizisome zote. Soma muhtasari na hitimisho la kila moja, ubaki na 25 au 30 zinazogusa malengo yako. Kwa kila iliyobaki jaza mstari mmoja: mwandishi na mwaka, alitafiti wapi na kina nani, alitumia mbinu gani, alipata nini, aliacha nini. Kisha andika sura kwa kufuata hoja. Aya zinazoanza "Fulani (2015) alisema", "Fulani (2018) alisema" hazionyeshi pengo, yaani kile ambacho bado hakijatafitiwa, hata zikijaza kurasa 20. Marejeleo yaweke kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo, tangu makala ya kwanza. Kuyatafuta baada ya sura tano kuandikwa ni adhabu.

Kila mtu darasani anatumia watu 100. Mimi nimeambiwa nitumie kanuni ya Yamane ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa. Inafanyaje kazi? — Msomaji, Mwanza

Gawanya idadi ya watu wote unaowalenga kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa unalokubali. Tuseme orodha yako ina wafanyabiashara 180 na kosa ni asilimia 5, yaani 0.05. Kipeo chake cha pili ni 0.0025, mara 180 ni 0.45, ongeza 1 upate 1.45. Gawanya 180 kwa 1.45: ni 124.1, na hukadiriwa kwenda juu, watu 125. Ukikubali kosa la asilimia 10, wanatosha 65. Wapo watakaokataa kuhojiwa. Ukitarajia mmoja kati ya kumi, gawanya 125 kwa 0.9, uandae hojaji 139.

Kanuni hii inataka uwe na orodha ya majina na uchague kwa bahati nasibu. Ukisimama mlangoni mwa soko na kumuuliza kila anayepita, namba 125 haikupi uhakika wowote. Na kama utafiti wako ni wa usaili wa kina, Yamane haihusiki kabisa; hapo unaendelea kuhoji mpaka majibu yaanze kujirudia.

Tasnifu naiandika kwa Kiingereza lakini nitakaowahoji wanazungumza Kiswahili. Je, nitafsiri hojaji mwenyewe? — Msomaji, Iringa

Tafsiri, kisha mpe mtu mwingine asiyeiona ile ya Kiingereza airudishe Kiswahili chako kwenye Kiingereza. Linganisha matoleo mawili ya Kiingereza; yanapotofautiana, rekebisha Kiswahili. Baada ya hapo ijaribu kwa watu 10 hadi 15 wanaofanana na walengwa, ambao hawatakuwemo kwenye sampuli.

Majaribio hayo ndiyo yanayofichua maswali mabovu. Chukua swali "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Muuza nyanya hahesabu kwa mwezi, na mara nyingi atakutajia mauzo, si faida. Utaandika laki tisa, kumbe mkononi kilibaki kiasi kidogo sana. Livunje: jana uliuza shilingi ngapi, tenga ulinunua bei gani, ushuru wa soko na mkokoteni vilikula kiasi gani, ngapi ziliharibika? Toa mwenyewe, usimpe yeye kazi ya hesabu. Na usikusanye maswali mawili katika sentensi moja, "Je, mikutano ni ya mara kwa mara na yenye manufaa?" haijibiki kwa mtu anayekubali nusu.

Vibali viombwe lini? — Msomaji, Tanga

Siku pendekezo linapopitishwa. Kwa kawaida barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mkuu wa shule, kituo au soko. Tenga wiki nne hadi sita, na kila ofisi uache nakala na ubaki na yako iliyogongwa muhuri. Utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha maadili. NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo inayosimamia hayo kitaifa, na kwa anayekwenda kukusanya data Kenya, leseni hutolewa na NACOSTI, tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya nchi hiyo. Ukihoji walio chini ya miaka 18, andaa fomu ya ridhaa ya mzazi. Data iliyokusanywa kabla ya kibali cha maadili haiwezi kuhalalishwa kwa kibali cha baadaye. Itabidi urudi uwandani kuanza upya.